Sevisi ya pili, na mengine niliyojifunza kwenye tenisi ya sekondari Mwanza

Ukitaka kujua timu ya tenisi ya sekondari imefundishwaje, usihangaike na sevisi ya kwanza, lile pigo la kuanzisha pointi ambalo mchezaji ana nafasi mbili za kulipata. Kila kijana ana sevisi ya kwanza: anautupa mpira juu, anaupiga kwa nguvu zote alizonazo, na ukiingia mara moja moja wenzake wanapiga kelele uwanja mzima. Wewe subiri ya pili. Hapo ndipo utamwona akinywea. Magoti yanakaza, mkono unapoteza kasi, mpira unasukumwa taratibu mpaka unanasa wavuni, na mpinzani anapewa pointi ambayo hakuitolea jasho.

Nimefundisha mchezo huu kwa wanafunzi wa hapa Mwanza kwa miaka mingi, na ninakaa pembeni na daftari. Kila pointi naandika imeishaje: wavuni, nje, dabo folti (sevisi zote mbili zimekosewa), au pigo safi ambalo mpinzani hakulifikia. Safu ya mapigo safi ndiyo fupi siku zote, hata pale vijana wanapotoka uwanjani wakijisifia mapigo yao. Mechi za ngazi hii haziamuliwi na uhodari, zinaamuliwa na nani amekosea zaidi. Kwa hiyo muda mwingi wa mazoezi yangu unakwenda kwenye kupunguza makosa, na kosa la kwanza kushughulikiwa ni hilo la sevisi ya pili.

Tatizo lenyewe ni la hesabu kabla ya kuwa la woga. Kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni ni mita 11.885. Boksi la sevisi upande wa pili lina urefu wa mita 6.40. Wavu pale katikati una kimo cha mita 0.914. Mpe mwanafunzi anayeelewa pembetatu zinazofanana akutafutie: mpira unaokwenda kwa mstari ulionyooka uanzie kimo gani ili uvuke wavu na bado uangukie ndani ya boksi? Jibu ni kama mita 2.61, na hapo unakuwa umelamba wavu na kutua kwenye mstari. Binti wa mita 1.58, hata akinyoosha mkono na raketi, mpira anaugusa chini ya hapo. Yaani kwake kupiga kuelekea chini hakuwezekani. Anayemwambia "ushushe!" anamwelekeza wavuni.

Lazima mpira upande kwanza, kisha uvutwe chini na uzito wake pamoja na mzunguko. Watoto wa huku wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Anayetaka kuangua embe harushi jiwe kuelekea miguuni kwake, anaegemea nyuma kidogo, bega moja linashuka, jingine linapanda, na mkono unakwenda juu kwa kasi. Mwendo ni huohuo. Siku za mwanzo raketi naziweka chini na tunarusha mipira tu, kutoka mstari wa nyuma kuvuka wavu, juu kabisa. Baadaye wanashika raketi kwa mshiko wa kontinentali, kama anayeshika nyundo, na kuupiga mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke. Kasi ya mkono haipunguzwi, kinachobadilika ni njia ya raketi. Hilo ndilo gumu kulipenyeza kichwani mwa kijana, kwa sababu akiogopa mwili unamwambia apige polepole, na mpira usio na mzunguko ukienda polepole hauna cha kuurudisha ndani.

Kuanzia hapo mechi zetu za mazoezi zina sheria moja: sevisi ni moja tu. Hakuna ya kwanza. Wanalalamika sana mwanzoni.

Hesabu hiyohiyo inaniongoza kwenye kurushiana mipira. Wavu pembeni una mita 1.07, katikati ni mfupi kwa zaidi ya sentimita 15. Uwanja wa mchezaji mmoja mmoja una urefu wa mita 23.77, lakini ukipima kona kwa kona unapata kama mita 25.15. Anayepiga mshazari anavuka wavu pale ulipo mfupi na ana nafasi zaidi ya mita nzima ya kuangushia mpira. Anayepiga sambamba na mstari wa pembeni anauvuka ulipo mrefu, na nafasi yake ni ndogo. Vijana wanaipenda hiyo ya pili kwa sababu inapendeza machoni. Mimi naiita pigo la Jumapili, na siku nyingine ni marufuku hadi mpinzani awe ametolewa kabisa nje ya nafasi yake.

Sasa suala la uwanja, maana ndilo ninaloulizwa zaidi na walimu wenzangu wa Ilemela na hata wa ng'ambo ya Sengerema. "Sisi hatuna uwanja wa tenisi." Mnao uwanja wa mpira wa wavu? Basi mnao. Uwanja wa wavu una mita 18 kwa 9. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina hatua za wanaoanza zinazotofautishwa kwa rangi za mipira: nyekundu, chungwa, kijani. Uwanja wa hatua ya chungwa una urefu wa takriban mita 18. Shusheni wavu hadi usawa wa kiuno, ule mstari wa mita tatu msiujali, choreni boksi zenu kwa chaki. Mpira wa chungwa una kasi ndogo kwa takriban nusu ukilinganisha na wa kawaida, na usipoupata, mipira iliyozeeka na kuishiwa pumzi inawafaa wanaoanza kuliko mipya. Na aliye na uwanja mmoja kamili na watoto wengi asiwapange foleni. Upana wa uwanja wa wawili wawili ni mita 10.97, ambao ndio urefu wa uwanja wa hatua nyekundu. Ukiugeuza kwa upana unapata viwanja vidogo vinne, na watoto kumi na sita wote wanacheza.

Mwanza ina hila zake. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ITF ina mipira maalumu ya sehemu zilizopanda zaidi ya mita 1,219. Tumekosa kidogo tu kuingia kundi hilo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, mpira unaruka mbali zaidi, na mgeni aliyezoea pwani huanza kwa kutoa mipira nje ya mstari wa nyuma. Kisha kuna upepo wa ziwani, ambao mchana unapoendelea unaongezeka nguvu, na mazoezi ya shule ni baada ya masomo, upepo ukiwa umeshafika. Nilichokiona ni kwamba wanaofundishwa kuulaani upepo hawauwezi kamwe. Wangu wanajua: ukiwa unapiga dhidi ya upepo, inua mpira, ukiwa nao mgongoni, ongeza mzunguko, na ukipiga sevisi, usiutupe mpira juu sana. Kuhusu mawe yetu makubwa sina ushauri, mpira ukiingia katikati ya miamba umekwenda.

Lililonichukua muda zaidi kulifundisha halina uhusiano na raketi. Mechi zetu hazina mwamuzi wa kitini. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake, na kanuni ni kwamba mpira uliogusa mstari uko ndani, na ukiwa na shaka, shaka ni ya mpinzani. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

"Madam, ulikuwa nje!"

"Uliuona?"

"Nilidhani…"

"Basi ulikuwa ndani. Hesabu pointi."

Siingilii zaidi ya hapo. Anayeiba mistari kwenye mazoezi anaiba mbele ya wenzake, na wenzake wanamjua. Timu ikishamjua mtu hivyo, hakuna anayetaka kucheza naye wawili wawili, na adhabu hiyo inazidi yoyote ambayo ningempa mimi. Sharti langu ni moja: sema mara moja, kwa sauti, na kidole juu. Anayesubiri kuangalia pointi ni ngapi ndipo atamke, ameshajibu.

Wazazi nao wana lao. Baba akiwa nje ya fensi anapiga kelele "mpigie kwenye bekihendi!", yaani upande wa pigo la mgongo wa mkono, mtoto anageuka kumtazama, na mpira unampita. Nawakaribisha kwa heshima zote, nawapa viti upande wa mbali. Mimi mwenyewe nazungumza kidogo. Tangu Januari 2025 kanuni za ITF zinaruhusu kocha kumwelekeza mchezaji wakati wa mechi, iwapo waandaaji wamekubali, na vijana walifurahi waliposikia. Bado nanyamaza hadi wanapobadilisha upande. Mtoto anayesubiri jibu kutoka benchi hatafuti lake.

Angella Okutoyi wa Kenya aliposhinda taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, mabinti wangu waliacha kuuona mchezo wa wawili kama wa waliokosa nafasi. Nilifurahi, kwani ndiko tunakopata ushindi mwingi. Kupanga jozi sitazami urafiki. Naweka mmoja asiyekosea pamoja na mmoja mwenye mikono myepesi wavuni, na jambo la kwanza wanalofanya mazoezi ni kusema "wangu!" mapema.

Jua letu linazama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo seti ndefu hazituwezekani. Tunacheza seti fupi za gemu nne, taibreki (gemu ya kuamua inayohesabiwa pointi moja moja) zikifika nne kwa nne, na seti ya tatu tunaibadilisha kwa taibreki ya pointi kumi. Mvua za Machi hadi Mei zinakula siku nyingi, Juni ni likizo, na Novemba kidato cha nne na cha pili wana mitihani yao ya taifa. Kuanzia Septemba siwaiti tena uwanjani, hata yule bora kuliko wote na hata mzazi akiniomba. Nabaki na kidato cha kwanza na cha tatu, na mechi zote za muhula huo nawapa wao.