Anayekoroma usiku na macho yake: maswali na majibu

Mume wangu anakoroma sana, halafu ghafla ananyamaza kama hapumui. Kuna shida?

Huko kunyamaza ndiko kunakotia wasiwasi. Misuli ya koo imelegea, njia ya hewa imeziba, kifua kinahangaika kuvuta hewa isiyopita. Pumzi ikikatika hivyo kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha, huo ni ugonjwa unaoitwa apnea ya usingizi. Ikifika mara 30 kwa saa, ni mkali. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui. Anayejua ni wewe unayelala naye.

Koo na jicho vinakutania wapi?

Kwenye damu. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno kwa udogo wake. Pumzi ikikatika, oksijeni inashuka. Mgonjwa akishtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, presha inapaa. Mishipa midogo ya retina hujibana na kujitanua ili damu ifike kwa kiasi kinachotakiwa, lakini ikisukwasukwa hivyo kwa miaka, kuta zake huchakaa na uwezo huo hupungua. Kwa mwenye kisukari au presha, hapo ni mzigo juu ya mzigo.

Anaweza kupata magonjwa gani?

Tafiti zimeikuta apnea ikiandamana na glaukoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha ya ndani ya jicho kupanda), kuziba kwa mshipa unaoondoa damu kwenye retina, na madhara ya kisukari machoni. Kuandamana si lazima iwe ndiyo chanzo, kwa sababu wagonjwa wengi wana pia presha na uzito mkubwa.

Ninaloliogopa zaidi ni neva ya jicho kukosa damu. Mtu analala akiona vizuri, anaamka jicho moja lina kivuli, mara nyingi nusu ya chini, na wala haliumi. Kwa kuwa haliumi, watu husubiri. Tafadhali usisubiri, wala usiazime dawa ya matone ya jirani: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna tiba iliyothibitika ya kurudisha uoni uliopotea hivyo, ila chanzo kikijulikana, jicho la pili linaweza kulindwa.

Kuna dalili ya kuonekana kwa nje?

Ipo. Kope ya juu inalegea kama mpira uliochoka; ukiivuta kidogo tu, inapinduka. Asubuhi jicho ni jekundu, linawasha, lina ute, hasa la upande anaolalia. Wengine hutibiwa mzio muda mrefu bila mtu kuwauliza wanalalaje.

Mashine ya usiku inasaidia?

Mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, aliyoianzisha Colin Sullivan na wenzake huko Australia mwaka 1981, huzuia koo lisizibe. Barakoa ikivuja, macho hukauka. Mwenye glaukoma amweleze daktari wake wa macho kwamba anaitumia, maana presha ya jicho inaweza kupanda kidogo usiku.

Na kama hatuimudu?

Kupunguza uzito, kulala kiubavu na kuacha pombe jioni huwasaidia wengi. Lakini bado apimwe. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, umwonyeshe daktari wa masikio, pua na koo. Na mkienda kliniki ya macho, utajeni mkoromo huo hata kama hamkuulizwa.