Je, wajua kwa nini daktari humwambia mtoto ainame ndo aone kama mgongo umepinda?

Sketi ya shule ya mpwa wangu ilikuwa inaning'inia, kushoto ndefu kulia fupi, dada yangu akairudisha kwa fundi cherehani mara mbili, ya tatu akaenda na maneno. Fundi wa watu akachukua futi kamba akapima upya, kiuno, nyonga, akasema mama, sketi iko sawa, ila mtoto nyonga moja iko juu. Ikawa ugomvi mwingine! Walipofika hospitali daktari wala hakushika mgongo kwanza, akamwambia vua blauzi, unganisha viganja, inama taratibu kama unataka kugusa vidole vya miguu, yeye akachuchumaa nyuma yake anaangalia usawa wa mgongo. Mbavu za kulia zimetuna kama kilima, kushoto pako chini. Na akisimama wima hata huoni kitu cha maana, bega tu limepanda kidogo.

Sasa kwa nini ainame? Tatizo lake linaitwa skoliosisi, tunadhani ni mgongo kupinda pembeni tu kama herufi S, kumbe pingili zenyewe zinajinyonga pia, yaani zinazunguka kama unavyokamua kanga. Mbavu zimeshikana na pingili, kwahiyo pingili ikizunguka na mbavu zinaenda nayo, upande mmoja zinasukumwa nyuma na mwingine zinaenda mbele. Ukiwa umesimama, mabega na mikono vinaficha, ukiinama mikono inaning'inia na nundu inabaki peke yake haina pa kujificha. Kipimo hiki alikieleza daktari mmoja wa London, William Adams, mwaka 1865, eksirei zilikuwa hata hazijagunduliwa, na mpaka leo ndo cha kwanza. Madaktari wengine wanaweka pale mgongoni kifaa kidogo kama pima maji ya fundi mwashi, ulalo ukifika kama digrii 7 mtoto anapelekwa eksirei, na kwenye picha pembe ya pindo la mgongo ikiwa digrii 10 au zaidi ndo inaitwa skoliosisi.

Hii sio kibiongo jamani. Kibiongo ni mgongo kutokeza nyuma, na kwetu huku mtoto akitokeza kinundu katikati ya mgongo, ana homa za jioni na anapungua uzito, mpeleke haraka maana inaweza kuwa TB ya mifupa, hiyo ni habari nyingine kabisa na dawa zake nyingine.

Lawama zikaanza. Bibi akasema ni kubeba ndoo upande mmoja, baba akasema begi la shule, shangazi akasema analala vibaya. Hapana. Begi zito linaweza kuumiza mgongo lakini halisababishi skoliosisi, na kumgombeza mtoto "kaa wima!" hakunyooshi pingili iliyokwisha kujinyonga, ni kumuonea tu. Kwa watoto wengi, kama 8 kati ya 10, chanzo hakijulikani, ila inatembea kwenye familia, na inawapata vijana 2 mpaka 3 kwa kila 100. Waliobaki ni waliozaliwa na pingili ambazo hazijaumbika sawa au wenye magonjwa ya misuli na neva kama mtindio wa ubongo. Pindo dogo linawapata wa kike na wa kiume karibu sawa, lakini yale yanayokua makubwa mengi ni ya wasichana.

Na hapa ndo penye utamu wa jambo lenyewe, pindo linakimbia pale mtoto anaporefuka kwa kasi. Kwa msichana kasi hiyo inakuja kabla kidogo ya kuvunja ungo, ndo maana daktari akamuuliza mpwa wangu kama ameshaanza hedhi, dada akashangaa hedhi na mgongo wapi na wapi. Anataka kujua ukuaji umebaki kiasi gani! Digrii 28 kwa mtoto wa miaka 12 ambaye bado hajavunja ungo ni habari, digrii hizohizo kwa dada wa miaka 18 mara nyingi zinaishia hapohapo.

Kwahiyo tiba inategemea mambo mawili, digrii na ukuaji. Chini ya 25 kwa kawaida ni kufuatilia tu, picha kila baada ya miezi kadhaa. Kati ya 25 na 40 na mtoto bado anakua, anavalishwa mkanda mgumu wa plastiki unaobana kiwiliwili. Huo mkanda kazi yake ni kulizuia pindo lisiongezeke, sio kulinyoosha, na wazazi wengi hapa ndo wanakata tamaa. Utafiti wa Marekani na Canada uliotoka 2013 ulionyesha kati ya waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua pindo halijafika digrii 50, wasiovaa ni asilimia 48, na waliovaa wastani wa saa 13 hivi kwa siku walifanikiwa asilimia 90 na zaidi. Saa ndo dawa yenyewe. Ikizidi 45 mpaka 50 ndo yanakuja mazungumzo ya upasuaji, skrubu na vyuma virefu mgongoni, pingili zinaunganishwa ziwe mfupa mmoja. Kukandwa na kuchuliwa kunaweza kupunguza maumivu ila hakurudishi pingili, na mtu akianza kukunja mgongo wa mtoto kwa nguvu mimi namchukua mtoto naondoka.

Kama kuna maumivu ya kumuamsha usiku, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kutoka wenyewe, hapo usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Mpwa wangu anavaa mkanda wake kwa joto hili la Dar, ndani fulana nyepesi ya pamba isiyo na mshono ubavuni maana mshono unachubua. Wiki ya kwanza alilia, sasa anauvua akienda kuoga na kucheza netiboli tu. Sketi zake anashona fundi yuleyule, kiuno anaongeza inchi mbili za mkanda na pindo la chini anakata kwa jicho, kushoto juu kidogo.