Barua pepe za kazini: nani kaifuta?

Msimu wa wageni ukimalizika hapa Malindi na wahasibu wa hoteli wakianza kulinganisha hesabu, maombi hutumiminikia sisi mafundi wa barua pepe: barua ya mgeni wa Italia aliyelipa amana haionekani, nani kaifuta? Aghalabu hakuna aliyeifuta. Imeondolewa na kanuni ya muda wa kuhifadhi, yaani agizo la mfumo linalofuta barua zikifikia umri fulani, ambayo msimamizi wa mfumo aliiweka zamani na wafanyakazi hawakuambiwa.

Umri wa barua huhesabiwa tangu siku ilipopokelewa. Barua ya Machi 2023 ukiihamishia leo kwenye folda yenye kanuni ya mwaka mmoja, haianzi mwaka mpya. Muda wake umekwisha, nayo itaondoka mfumo utakapopita kukagua. Microsoft 365 hupita angalau mara moja kila siku 7, ndiyo maana barua unaiona Ijumaa, Jumatatu huioni. Tafadhali tusiambiwe tena kwamba kompyuta imeila.

Ukifuta barua mwenyewe, huingia kwanza folda ya zilizofutwa. Kwa Microsoft, ukiitoa humo, au ukiifuta kwa Shift na Delete, hukaa siku 14 mahali ambapo bado inaweza kurejeshwa. Msimamizi anaweza kurefusha hadi 30, basi. Gmail ya kazini huiweka kapuni siku 30, kisha msimamizi ana siku 25 za kuirudisha. Zikipita, hata sisi hatuna la kufanya.

Mfanyakazi akiacha kazi, msiharakishe kufuta akaunti yake. Kisanduku chake cha barua kitapotea baada ya siku 30 kwa Microsoft, na kwa Google akaunti hurejeshwa ndani ya siku 20 tu. Kukiwa na kesi au mgogoro, ombeni zuio, yaani agizo la kuzuia barua zisipotee hata zikifutwa, kwa maandishi, mkitaja kisanduku, sababu na aliyeidhinisha. Zuio la Microsoft laweza kuchukua hadi dakika 240 kuanza kufanya kazi, kwa hiyo liombeni kabla mhusika hajapewa barua ya kuachishwa. Likishashika, mhusika akifuta, nakala hubaki.

Muda wenyewe huamuliwa na yaliyomo. Ankara na risiti ni miaka 5 tangu mwisho wa kipindi cha kodi kinachohusika, kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Ofisi za serikali haziruhusiwi kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini ya Idara ya Nyaraka za Taifa, na barua pepe ni kumbukumbu.

Wanaosema "tuweke zote milele" wanakosea pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuweka taarifa za mtu kupita haja iliyozileta, na faini hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Picha ya pasipoti aliyoituma mgeni akiweka nafasi haina sababu ya kukaa miaka 5 pamoja na risiti yake. Hifadhini risiti kwenye faili za uhasibu siku hiyohiyo inapoingia, kisha barua yenye pasipoti ipewe kanuni fupi.