Je, wajua kwa nini staa wa leo hapati pumziko hata kulinganisha na enzi za magazeti ya udaku?

Ukiwauliza watu wengi watakwambia ni kwa sababu siku hizi mashabiki ni wengi na midomo imezidi. Kuna ukweli hapo, ila mi naona jibu lenyewe haliko hapo. Umbea haukuanza na Instagram jamani. Hapa Bongo tulikuwa na Ijumaa, Risasi, Uwazi, Kiu, yametundikwa pale kwa muuza magazeti na watu wamejazana wanasoma vichwa vya habari bure bila kununua hata moja, na staa akinaswa sehemu ambayo siyo basi ujue keshaenda ukurasa wa mbele na mishale nyekundu juu. Ulaya ndo usiseme, Princess Diana alifariki Paris tarehe 31 Agosti 1997 kwenye ajali, gari lao likiwa linafukuzwa na wapiga picha. Kwa hiyo presha ilikuwepo na ilikuwa kali.

Kilichoondoka ni muda wa katikati. Gazeti lina siku yake ya kutoka, likishatoka staa anajifungia ndani siku mbili tatu, anatafuta mwandishi wa gazeti lingine asafishe jina, na kufika wiki inayofuata lile la kwanza watu wanafungia maandazi. Na yule jamaa wa kijiweni Kigoma aliyekuwa anamponda, maneno yake yaliishia hapo hapo kijiweni, staa hakuyasikia milele. Leo jamaa huyo huyo anaandika chini ya picha ya mtoto wa staa, saa nane usiku, na staa anaisoma dakika hiyo hiyo akiwa kitandani kwake, halafu chini yake kuna wengine mia nne wameshagonga laiki.

Sasa utasema si azime simu tu? Hapo ndo penye kazi, maana simu ndo ofisi yenyewe. Zamani msanii alikula kwa shoo na kaseti, leo kampuni ikitaka balozi inaanza kuhesabu folowazi na komenti kabla hata ya kuuliza wimbo mpya unaitwaje. Chaneli ya YouTube ya Diamond Platnumz, mwanamuziki wa Bongo Fleva, ilifikisha watazamo bilioni 1 mwaka 2020, na namba kama zile hazitunzwi kwa kukaa kimya. Ndo maana tukapata hii biashara ya kiki, yaani vituko vya kutafuta kuongelewa, wimbo unatoka Ijumaa, Jumatano watu wanaachana, Alhamisi wanarudiana (nyingine za kweli, nyingine mnh). Ukikaa mwezi hujaposti, mashabiki wanaanza kuandika "umefulia".

Na hapo staa anakuwa mwandishi, mhariri na habari yenyewe, kwa mkupuo. Kumbuka Zari Hassan, mfanyabiashara wa Uganda aliyezaa na Diamond, alivyotangaza kuachana naye, siku ya wapendanao tarehe 14 Februari 2018, akaweka picha ya ua jeusi Instagram na maelezo yake chini, basi, hakuna mwandishi aliyehusika na Afrika Mashariki nzima ikawa haina mada nyingine. Uzuri wake ni kwamba kasema kwa maneno yake mwenyewe, hakuna wa kumlisha. Ubaya ni kwamba milioni ya watu wanajiona wamekaribishwa kwenye kikao cha familia, wanagawana timu, Timu Zari, Timu Mobetto (Hamisa Mobetto, mwanamitindo aliyezaa naye Diamond pia), na timu hizo zinatukanana hata wahusika wenyewe wakiwa wamelala. Serikali nayo ikaanza kuzitazama hizi kurasa kama vile ni kituo cha televisheni, mwezi wa nne mwaka huo huo 2018 Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliliambia Bunge kwamba Diamond alikamatwa na kuhojiwa na polisi kwa video aliyoweka kwenye Instagram yake.

Hii hali ya mtu kujiona ndugu wa staa wataalamu waliiona zamani. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa TV wanaojisikia wanamfahamu mtangazaji kama rafiki, wakati mtangazaji hata hajui kama wapo. Urafiki wa upande mmoja. Tofauti ya leo ni kwamba staa anaweza kujibu, akimjibu mmoja "asante dada angu" wale elfu tisa waliobaki nao wanasubiri zamu, na asiyejibiwa anaona kadharauliwa. Mapenzi ya hivyo yakigeuka, yanageuka vibaya.

Na usidhani ni watu wa kiki tu wanaoumia. Mchukue Eliud Kipchoge, mwanariadha wa Kenya, mtu mpole, hana skendo, maisha yake ni kulala mapema na kukimbia. Tarehe 11 Februari 2024 Kelvin Kiptum, kijana aliyevunja rekodi yake ya dunia ya marathoni kule Chicago kwa saa 2:00:35, alifariki kwa ajali ya gari Kenya pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Mitandaoni watu wakaanza kumhusisha Kipchoge na kifo kile, bila ushahidi wowote, yaani mtu katunga tu na mwingine kasambaza. Mwezi wa tano Kipchoge akaeleza BBC yaliyompata: vitisho kwamba watachoma nyumba yake, mali zake na familia, watoto waliozoea kwenda shule kwa baiskeli ikabidi wapelekwe na kufuatwa, mama yake anapiga simu kutoka kijijini kumwambia ajitunze, na marafiki wengi sana akawapoteza. Hebu fikiria uvumi ule ungezuka mwaka 1995, ungefika wapi? Baa mbili tatu za Eldoret labda. Mhariri gani angekubali kuuchapa bila kuogopa kushtakiwa?

Kuna hili nalo la kunyamaza. Zamani msanii akikaa kimya kwenye siasa nani angejua? Sasa kimya kinahesabiwa. Wakati wa maandamano ya Muswada wa Fedha Kenya, Juni 2024, vijana walikuwa wanapita ukurasa kwa ukurasa wakiwauliza mastaa mbona huongei, na kuna waliopoteza wafuasi kwa kuchelewa. Ila kusema nako ni moto: Diamond aliimba kumuunga mkono Magufuli uchaguzi wa 2020, mwaka 2021 alipoteuliwa kuwania tuzo ya BET ya Marekani, Watanzania wenzake walisaini mtandaoni kwa maelfu wakitaka aondolewe. Hapo hakuna pa kusimama salama, na mimi binafsi naona hili la pili lina haki yake, aliyechukua jukwaa la kampeni asishangae kuulizwa.

Wenye mitandao wenyewe walishaona tatizo la namba. Mwaka 2019 Instagram walianza kujaribu kuficha idadi ya laiki kwenye nchi kadhaa, kufika Mei 2021 wakaamua kila mtu achague mwenyewe kuficha au kuacha. Mastaa wetu wengi wakaacha zionekane, si ndo bei yao sokoni.

Njia iliyobaki kwa wengi ni kumwachia simu mtu mwingine. Selena Gomez, mwimbaji wa Marekani aliyewahi kuwa namba moja duniani kwa wafuasi Instagram, aliifuta hiyo Instagram kwenye simu yake na msaidizi ndo akawa anamwekea posti. Huku kwetu anaitwa admini, na mashabiki wanamjua, kapsheni ikiwa na Kiingereza kingi kuliko kawaida utaona komenti "admini mrudishie mwenyewe simu". Matusi yanaendelea kuingia vile vile, ila sasa anayeyasoma saa nane usiku ni kijana wa kuajiriwa, wa mshahara wa kawaida tu, ambaye hata hakuimba huo wimbo.