Pawa saplai ya zamani au mpya: dhana zinazounguza kompyuta

"Wati 450 ni wati 450 tu." Hii ndiyo ninayoisikia zaidi. Mezani nina pawa saplai mbili, yaani boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, na zote zimeandikwa wati 450. Lebo ya ile ya zamani inatoa ampea 30 kwenye volti 5, lakini ampea 15 tu kwenye volti 12. Zidisha 12 kwa 15: wati 180. Mpya inatoa ampea 37 kwenye volti 12, yaani wati 444. Lebo ya zamani haijadanganya. Kompyuta za miaka ya 1990 zilitegemea zaidi volti 5 na 3.3, ilhali prosesa na kadi za michoro za leo hulishwa kwa volti 12. Ukiifunga pawa saplai hiyo ya zamani kwenye mashine ya gemu itazima katikati ya mchezo, nawe utaisingizia kadi.

"Za zamani nzito, ndiyo maana zinadumu." Uzito hauzuii kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, kukauka. Zile za elektroliti zina majimaji ndani, na joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Fikiria mashine iliyokaa miaka kumi ofisini Ulaya, kisha ikaja kuwashwa Dar es Salaam kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Hata hivyo, upya peke yake haunitoshi. Pawa saplai ya kampuni makini yenye miaka minne naichukua mbele ya mpya ya bei chee, nyepesi kama boksi tupu.

"Feni inazunguka, basi nzima." Mafundi wengi huunga waya wa kijani na mweusi ili iwake bila kompyuta, feni ikizunguka wanauza. Feni huzunguka hata kapasita zikiwa zimevimba. Pima kompyuta ikiwa inafanya kazi: volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Na usilifungue boksi lenyewe kama hujafundishwa, kwani kapasita kubwa ya ndani inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

"Wati nyingi, LUKU inakwisha haraka." Kompyuta huvuta inachohitaji. Kinachokula umeme ni upotevu: mashine ya wati 200 itavuta ukutani kama wati 286 kwa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70, na 222 kwa ile ya asilimia 90. Kwa saa nane, tofauti ni nusu yuniti.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: "Plagi ikiingia, inafaa." Kwenye nyingi za zamani kuna swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti. Ikiachwa kwenye 115 ukachomeka umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio, kisha harufu. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 nazo zilikuwa na plagi inayoingia sawasawa huku nyaya zimepangwa kivyake, na mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi ziliungua hapo. Pawa saplai mpya zenye nyaya za kuchomoa zina hatari ileile: upande wa boksi kila kampuni hupanga nyaya inavyotaka, na waya usio wake unaweza kuua diski kwa sekunde moja. Unapobadilisha, toa nyaya zote za zamani, zifunge pamoja na boksi lake, kisha ufunge zilizokuja na hiyo mpya.