Dhana potofu kuhusu Markdown, na ukweli wake kwa anayenakili mashairi

Hapa Lamu bado kuna nyumba zenye madaftari ya mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bibi husoma kwa sauti, nami nachapa kwa herufi za Kilatini. Natumia Markdown, namna ya kuandika ambayo alama za kawaida kama nyota na vistari huonyesha sura ya maandishi, kwa sababu faili lake ni maandishi matupu, hufunguka kwenye simu au kompyuta yoyote bila programu ya kulipia. Lakini nimeona beti nyingi zikivunjika mikononi mwa watu waangalifu, kwa sababu ya mambo tuliyodhani tunayajua.

"Markdown ni moja." Dhana hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. John Gruber aliitoa mwaka 2004, Aaron Swartz akiwa amemsaidia kwa mawazo, pamoja na programu ndogo ya kuyageuza maandishi hayo kuwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Maelezo yake yaliacha mapengo mengi, na kila aliyetunga programu nyingine akayaziba alivyoona mwenyewe. Mwaka 2014 John MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao walitoa kanuni kamili zenye mifano mingi. Gruber alikataa jina la Markdown waliloanza nalo, wakaziita CommonMark. Programu nyingi zikazifuata, nyingine zikabaki na desturi zao. Kwa hiyo faili lilelile laweza kutoka sura mbili, na zote mbili zikaitwa Markdown.

"Nikibonyeza Enter, mshororo umekwisha." Hapa ndipo mashairi yanapoumia zaidi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mmoja una vipande viwili vya mizani nane nane, na wa mwisho huitwa kituo. Kwa Markdown ya Gruber, na kwa CommonMark pia, mistari inayofuatana bila mstari mtupu katikati ni aya moja. Ikifika kwenye ukurasa huungana, vina vya mwisho vikapotelea katikati ya maneno. Mara ya kwanza nilipomwonyesha bibi ubeti wa namna hiyo aliniuliza, "Mwanangu, kituo kiko wapi?" Kinachowapoteza watu ni kwamba ziko programu zinazokata mstari kila ulipobonyeza. Ukijaribu huko utaridhika, kisha uhamishe faili na kukuta umechapa insha.

Dawa ya zamani ni kuacha nafasi mbili mwishoni mwa kila mshororo. Inaeleweka karibu kote, lakini nafasi hazionekani kwa macho, na programu nyingi za kuandikia huzifuta zenyewe unapohifadhi faili. Dawa ya pili ni kumalizia mshororo kwa alama ya \ . CommonMark na Pandoc, programu ya kugeuza mafaili ya aina moja kuwa nyingine, zinaielewa, lakini programu ya asili ya Gruber huichapa kama ilivyo. Pandoc, kazi ya huyohuyo MacFarlane, ina pia njia yake ya mashairi: kila mshororo huanza kwa alama ya | na hata nafasi za mwanzoni huhifadhiwa. Ni nzuri mno, ila ukitoka nje ya Pandoc usiitegemee. Mimi nimechagua \ , kwa kuwa atakayelifungua faili baadaye ataiona na kujua kwamba mshororo ulikatwa kwa makusudi.

"Vistari vitatu (---) ni pambo la kutenga beti." Ni pambo ukiwa umeacha mstari mtupu juu yake. Ukivigandisha chini ya kituo, programu ya asili hukigeuza kituo kuwa kichwa cha habari, na CommonMark huugeuza ubeti mzima.

"Nyota ni zilezile za WhatsApp." Sizo. Nyota moja kila upande huko ni herufi nzito, lakini kwenye Markdown ni herufi za mlazo, na nzito zinataka nyota mbili.

"Namba niliyoandika ndiyo itakayoonekana." Tuliwahi kuanza maelezo ya pembeni kwa "2001." tukieleza mwaka ambao Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Programu ya asili hudhani ni orodha na kuchapa 1. CommonMark huuacha mwaka, lakini nayo huufanya kipengele cha orodha. Ukiandika 2001\. zote mbili zitakuelewa.

Majina ya mafaili nayo yana lao: katika ubeti_wa_kwanza, programu ya asili huilaza "wa" na kuvila vistari vyake, ilhali CommonMark haigusi kitu.

Sasa juu ya kila faili tunaandika ni kanuni zipi tulizofuata. Kabla ya kuanza daftari jipya, nachapa ubeti mmoja na kuupitisha kwenye Babelmark, inayoonyesha sambamba namna programu nyingi zinavyousoma. Kisha namwita bibi ahesabu mishororo.