Je, wajua kwa nini kampuni za kigeni hufungua maabara za utafiti Bangalore, India, au Nairobi?

Kwa miaka mingi wanafunzi wangu hapa Tabora waliponiuliza swali hili, niliwajibu bila kusita: mishahara midogo. Nilikosea, na wengi bado wanakosea vilevile.

Mshahara mdogo unaeleza vizuri kiwanda cha nguo: mshonaji akilipwa nusu, fulana inayotoka ni ileile. Utafiti hauendi hivyo. Kama unafuu ungetosha, maabara zingejaa katika nchi maskini kuliko zote. Angalia zilikokwenda: Texas Instruments Bangalore mwaka 1985, Microsoft Beijing 1998, Google Accra 2019. Yote ni miji yenye vyuo vikuu. Mwaka 2006 wachumi wa Marekani Jerry na Marie Thursby walichapisha majibu ya kampuni zaidi ya 200 zilizoulizwa kwa nini huchagua mahali fulani pa kufanyia utafiti. Zilizokwenda nchi zinazoinukia zilitanguliza soko linalokua na ubora wa watafiti. Gharama ilikuwamo, lakini nyuma ya hayo. Ni maelezo ya mameneja wenyewe, kwa hiyo siifuti gharama kabisa.

Sasa mfikirie mrina asali wa Sikonge. Mzinga wake wa gome hautundiki uani, ingawa hapo angeufikia kwa urahisi. Anaupeleka porini, penye mitundu na miombo inayochanua na maji yasiyo mbali, kwa sababu maua hayamfuati nyuki. Maabara ni mzinga, watafiti ni nyuki, na maua ni shida za mahali: umeme unaokatika, daktari aliye mbali, mgonjwa asiyemudu nauli ya kwenda mjini. Mhandisi aliyeko Marekani anaweza kuzisoma katika ripoti. Wa Bangalore anakutana nazo akienda kumsalimia bibi yake kijijini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni MAC 400, kipimo cha moyo kilichobuniwa na wahandisi wa kampuni ya Marekani ya General Electric huko Bangalore. Kinabebeka, kinatumia betri, na printa yake ni ya aina ileile inayochapa tiketi za mabasi India. Printa ya tiketi! Nadhani wazo kama hilo humjia mtu aliyekwisha kuishika tiketi hiyo mara mia, akaona jinsi kimashine kile kinavyovumilia vumbi na mikikimikiki ya stendi.

Na asali hailiwi porini peke yake. Altrasaundi ya kubebeka ambayo kampuni hiyohiyo iliitengeneza kwa ajili ya zahanati za vijijini China ilikuja kuuzwa Marekani, ikapanda magari ya kubebea wagonjwa.